Kuanza Liki Nyumbani: Mbegu, Miche ya Kununua, Kitako au Machipukizi?

Mtoto wa kaka yangu amepanga ghorofa ya tatu huko Sinza, Dar es Salaam. Mwaka jana alinitumia picha ya kitako cha liki, ile mboga ya jamii ya kitunguu, alichokisimamisha kwenye glasi ya maji dirishani, jani bichi limeshachomoza katikati. Chini ya picha kaandika: "Shangazi, shikamoo. Hii itanenepa lini?" Wiki hiyo hiyo jirani yangu hapa Arusha alinijia na pakiti ya mbegu mkononi, anataka kujua kama azimwage tu kwenye tuta kama mchicha. Yule nikamwambia asisubiri unene, akate majani ale. Huyu nikamwambia ajipange kwa miezi sita. Mmea ni ule ule, ila pale unapouanzia ndipo panapoamua utakula nini na lini.

Njia za kuanzia liki nyumbani ni nne: kusia mbegu kitaluni, kununua miche, kupanda kitako cha liki ya sokoni, na kutenganisha machipukizi yanayotoka ubavuni mwa liki iliyokomaa. Nimeshazipitia zote, nyingine kwa raha, nyingine kwa hasara.

Kabla ya kuzilinganisha, kuna jambo moja la kujua. Kile tunachokiita shina la liki si shina. Ni majani yaliyoviringana tabaka juu ya tabaka, ndiyo maana ukiikata kwa kisu unaona pete. Shina lenyewe ni kile kisahani kigumu cha chini, chembamba kama sarafu, kinachobeba mizizi. Njia hizi nne zinatofautiana hasa kwenye umri na afya ya kisahani hicho.

Vipimo nitakavyotumia

Nitazipima zote kwa mambo matano. Muda: kuanzia leo mpaka liki iingie kwenye sufuria. Kazi na mfuko: unachotoa kwa jasho na kwa shilingi. Unene: utapata liki nono nyeupe, au majani tu? Kinachoingia nayo: mche au kitako haviji peke yake, huja na udongo, wadudu, vimelea vya ugonjwa, na mara nyingine udanganyifu. Watu wengi hawakiulizi hiki, na mimi ndicho ninachokiangalia kwanza, kwa sababu bei unailipa mara moja lakini ugonjwa wa udongoni utaishi nao. La mwisho ni kuendeleza: msimu ujao utaanza tena bila kununua?

Mbegu

Muda. Mbegu ya liki huota kwa siku 7 hadi 14 udongo ukiwa na nyuzijoto 18 hadi 24. Kukiwa na baridi inaweza kuchukua wiki tatu, na hapo ndipo wengi wanapokata tamaa na kufukua kitalu. Mche hukaa kitaluni wiki 8 hadi 10, mpaka uwe mnene kama penseli na urefu wa sentimita 20 hivi. Ukiuhamishia tutani, ongeza miezi mitatu na nusu hadi mitano. Kwa hiyo ukisia Februari, unavuna kuanzia Agosti.

Kazi na mfuko. Pesa ni kidogo, kazi ni nyingi. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 300, na tuta la mita moja kwa tatu linahitaji miche 60 tu: mistari mitatu iliyoachana sentimita 30, mche kila sentimita 15. Pakiti moja ndogo inatosha nyumba kadhaa, gawaneni na jirani. Usiweke akiba, maana mbegu za liki, kama za kitunguu, huzeeka upesi, hasa zikikaa kwenye joto. Kabla ya kusia pakiti ya mwaka jana, funga mbegu 20 kwenye kitambaa kibichi, ziweke mahali pa joto, kisha hesabu baada ya wiki mbili. Zikiota chini ya kumi, nunua nyingine.

Kitaluni, piga mistari yenye kina cha sentimita moja, fukia, tandaza nyasi kavu, mwagilia kwa keni yenye matundu madogo. Chipukizi hutoka limejipinda kama pini ya nywele, kichwa bado kiko udongoni. Siku unayoona pini hizo ndiyo siku ya kuondoa nyasi. Ukichelewa, miche inarefuka miembamba na kulala. Maji yakizidi, kinyausi huingia: mche hulegea shingoni kwenye usawa wa udongo na kuanguka, na kesho yake wa pembeni nao unafuata.

Ama kuhusu jirani na mchicha wake: kusia moja kwa moja tutani si kosa, lakini mche wa liki kwa miezi miwili ni unyasi tu. Magugu yataushinda, na utapoteza nafasi ya kuushusha kwenye shimo refu linaloipa liki weupe.

Unene. Hakuna njia inayoipita hii, kwa sababu kisahani ni kipya na aina unaichagua mwenyewe. Musselburgh, aina ya zamani kutoka Scotland, ni fupi, nono na inavumilia baridi. Carentan ya Ufaransa nayo ni nono. Ukikuta mojawapo dukani, umepata kitu cha kuaminika kwa bustani ya nyanda za juu.

Kinachoingia nayo. Kidogo kuliko njia zote. Mbegu kavu haiji na udongo wa mtu.

Kuendeleza. Hapa ndipo ilipo dosari. Liki ni mmea wa miaka miwili, hutoa maua baada ya kuonja kipindi cha baridi, na kwenye joto la pwani unaweza ukauona mwaka mzima bila ua. Hata milimani, ili mbegu ziwe na nguvu unahitaji kuacha mimea kama 20 ichavushane, na hiyo kwa bustani ya nyumbani ni theluthi ya tuta. Ikiwa pakiti imeandikwa chotara, mbegu utakazovuna hazitafanana na mama yao. Mimi hununua.

Miche ya kununua

Muda. Unaruka wiki zote za kitaluni. Ukipanda leo, baada ya siku 100 hadi 120 unaanza kung'oa.

Kazi na mfuko. Mche mmoja hauumizi mfuko, lakini 60 unaanza kuusikia. Kazi ni ya siku moja ya kupandikiza, halafu maji na palizi.

Unene. Sawa na wa mbegu, ukipata mche mzuri na ukijua ni aina gani. Mara nyingi muuzaji mwenyewe haijui aina, anakuambia tu "liki kubwa".

Kinachoingia nayo. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nilipoumia. Miaka mitatu iliyopita nilinunua miche 80 kwenye kitalu kimoja cha kando ya barabara, imefungwa kwa kamba ya mgomba, mizizi imefunikwa kwa gazeti bichi. Nikaipanda vizuri, nikaimwagilia. Baada ya wiki tano majani yakawa ya mviringo, yana uwazi ndani, yanapasuka ukiyabana. Nilikuwa nimepanda vitunguu maji, tena kwenye mashimo ya sentimita 15, mahali ambapo kitunguu hakina nafasi hata ya kujitanua. Sina hakika kama nilidanganywa au mafungu yalichanganyika tu.

Tangu siku hiyo sinunui bila kubana jani. Chukua jani moja kati ya kidole gumba na cha shahada, livute polepole kuelekea ncha. La kitunguu ni mrija, utausikia ukibonyea. La liki ni bapa, limekunjwa katikati kama kitabu kilichofunguliwa nusu, na mgongoni lina ukingo. Hata mche wa wiki sita unaonyesha tofauti hiyo.

Ukishahakikisha ni liki, angalia wageni. Michirizi ya rangi ya fedha kwenye majani ni kazi ya vithiripi, vidudu vyembamba kuliko uzi vinavyojificha pale majani yanapokutana. Fungua hapo uone. Kitako kiwe cheupe na kigumu. Kikiwa na utando mweupe kama pamba, wenye vijipunje vyeusi vidogo kuliko ulezi, rudisha fungu na unawe mikono. Huo ni ukungu unaoozesha jamii yote ya vitunguu. Hupenda udongo wenye ubaridi, na vijipunje vyake vinaweza kukaa ardhini miaka 20 vikisubiri kitunguu kingine. Liki huuvumilia kuliko saumu, lakini ukishaingia, saumu utaisahau kwenye tuta hilo. Kwa mtu wa Lushoto au Limuru hilo si jambo dogo.

Kuendeleza. Msimu ujao unarudi kununua, isipokuwa ukiacha mimea michache itoe machipukizi, njia nitakayoieleza mwisho.

Kitako cha sokoni

Muda. Ndiyo njia ya haraka kuliko zote, ukikubali kula majani. Baada ya siku mbili tatu utaona kijani kinasukuma kutoka katikati, na ndani ya wiki tatu au nne unakata majani ya kuchanganya kwenye mayai.

Kazi na mfuko. Bure, maana liki umeshaila. Chagua yenye mizizi hai. Wachuuzi wengine hunyoa mizizi mpaka kwenye kisahani ili liki ipendeze, na iliyonyolewa hivyo mara nyingi huoza badala ya kuchipua. Kata sentimita 4 au 5 juu ya mizizi, simamisha kwenye maji yanayofunika mizizi tu, badilisha maji kila siku. Mizizi mipya myeupe ikitoka, hamishia kwenye kopo lenye udongo na samadi iliyooza. Watu huacha kitako kwenye maji mwezi mzima, halafu wanashangaa kwa nini kinanuka.

Unene. Usiutegemee. Kisahani hiki kimeshaishi miezi mitano au sita, na akiba yake ilikuwa kwenye yale majani meupe uliyoyakata. Nguvu iliyobaki inakwenda kwenye majani mapya. Kama liki ilikaa kwenye friji, imeonja baridi inayoiamsha kutoa ua, na badala ya kunenepa inaweza kurusha kikonyo kigumu katikati. Kikonyo kikichomoza, kikate kikiwa bado laini ukile. Kikikomaa kinakuwa kama mti.

Kinachoingia nayo. Hujui kilitoka udongo gani. Inaweza kuwa liki ya Lushoto iliyopitia Kariakoo, inaweza kuwa ya kwingine. Kwenye kopo la dirishani hilo halina neno, ugonjwa ukiwepo utaishia kwenye kopo. Kosa ni kukihamishia bustanini kitako kilichokuchosha, au kumwaga udongo wa kopo kwenye tuta la vitunguu.

Kuendeleza. Mikato mitatu minne, halafu majani yanakuwa membamba kama nyuzi. Unaweka kingine, na kwa kuwa liki huliwa kila wiki, vitako havikosekani.

Machipukizi ya ubavuni

Hii ni njia ya wachache hapa kwetu, na mimi naipenda kuliko inavyostahili.

Muda. Mwanzo ni mrefu, maana lazima uwe na liki iliyokomaa na uiache ardhini: iwe imetoa maua, au umeikata juu kidogo ya udongo ukaacha kitako na mizizi mahali pake. Baada ya muda hutokea vitoto kuzunguka kisahani, vingine vikiwa na vitunguu vidogo vyeupe, vya mviringo, vinavyong'aa. Kikifika unene wa penseli ni sawa na mche kamili, na kuanzia hapo hesabu ni ile ile ya siku 100 au zaidi.

Kazi na mfuko. Hakuna gharama, ila ufukue taratibu na kutenganisha kwa vidole ili kila kimoja kiondoke na mizizi yake. Liki moja hukupa vitano, nyingine haikupi hata kimoja. Huwezi kupanga tuta zima kwa kuvitegemea.

Unene. Mzuri, kwa sababu kila chipukizi lina kisahani chake kipya. Na kwa kuwa ni pande la mama yake, litakuwa kama yeye: ukichukua kwenye liki nono unapata nono. Kaskazini mashariki mwa Uingereza, huko Northumberland na Durham, kuna mashindano ya liki kubwa yaliyoanza miongoni mwa wachimba makaa ya mawe, na washindani wengi hawagusi mbegu. Hunyoa vijiua kwenye kichwa cha ua la liki bora, ili mahali pake paote vichipukizi vidogo vya kijani, na hivyo ndivyo wanavyopanda. Kwa njia hiyo ukoo mmoja wa liki hudumu miaka na miaka.

Kinachoingia nayo. Kutoka bustani yako, hakuna kigeni. Ila kama mama ana virusi, watoto wote wanavyo. Michirizi ya manjano inayokwenda na urefu wa jani, tofauti na ile ya fedha ya vithiripi, ni dalili. Liki ya namna hiyo usiizalishe, hata iwe nono vipi.

Kuendeleza. Hapa haina mpinzani. Acha mimea minne au mitano pembeni ya tuta kila msimu, na duka la mbegu utalisahau.

Wakati wa kupanda

Ukiacha kitako cha kopo, njia zote zinaishia kwenye shimo moja. Mimi hutumia mpini wa jembe la zamani, nikiuzungusha mpaka sentimita 15 chini. Punguza ncha za mizizi iliyozidi ili mche ushuke bila kujikunja, uache udondoke, majani machache tu yabaki juu. Kisha usifukie. Mimina maji kikombe kimoja, yatavuta udongo kiasi cha kufunika mizizi, basi. Atakayepita ataona mashimo matupu na kudhani umesahau kitu. Shimo litajijaza lenyewe kwa palizi na mvua, na sehemu iliyo gizani ndiyo inayokuwa nyeupe. Baadaye inua udongo kidogo kidogo kwenye mche. Ukiuinua mwingi kwa mara moja unaingia katikati ya majani, na utausikia kwenye meno siku ya supu.

Usipande baada ya vitunguu au saumu kwenye tuta lile lile. Acha miaka mitatu au minne.

Nani achukue ipi

Una nafasi ya tuta moja au zaidi, uko mahali penye ubaridi kama Arusha, Lushoto, Njombe, Limuru au Kinangop, na kuna mtu nyumbani wa kumwagilia kitalu asubuhi na jioni: sia mbegu. Kwa hapa Arusha mimi husia Februari, nikahamisha mwishoni mwa Aprili mvua kubwa zikianza kupungua, kwa sababu masika ya nguvu huziba mashimo kwa tope na kuleta madoa ya zambarau kwenye majani.

Umechelewa, msimu umeshaanza, au unafanya kazi za kuondoka alfajiri na kurudi usiku: nunua miche. Nenda mwenyewe, bana jani, angalia kitako, na uulize ilioteshwa wapi. Kama una tuta la saumu unalolitegemea, itenge miche hiyo mbali nalo, au chukua mbegu.

Bustani ambayo tayari vitunguu vilioza kwa ule utando mweupe, usiipandie liki ardhini kwa njia yoyote. Otesha mbegu kwenye trei zenye udongo safi, kisha kuzia kwenye ndoo zilizotobolewa, kina kisipungue sentimita 30.

Unaishi pwani au kwenye ghorofa: anza na kitako, na uhesabu kwamba unalima majani. Liki hustawi zaidi kati ya nyuzijoto 13 na 24, na Dar es Salaam, Mombasa au Tanga joto hilo hulipati mchana. Ukitaka kujaribu shina, panga miche ikue Juni hadi Agosti, weka matandazo mazito, na usivunjike moyo ikiwa nyembamba kama kidole. Ladha ipo.

Umeshazoea liki na una mimea mikubwa: acha michache itoe machipukizi, lakini endelea kusia mbegu kidogo kila mwaka ili usitegemee ukoo mmoja.

Mtoto wa kaka yangu hakuridhika na majani. Mwezi wa tano nikamtumia machipukizi sita kwa basi, yamefungwa kwenye gazeti bichi, akayapanda kwenye ndoo mbili kwenye kibaraza chake. Mwezi wa tisa akanipigia: "Shangazi, manne yamefika unene wa kidole gumba." Mawili yalikatwa na sota, wale viwavi wa udongoni wanaokata miche, wiki ya kwanza, ghorofa ya tatu. Udongo alikuwa ameuchota kwenye kiwanja cha jirani.